Kigae Kilichogoma Kuungua Kama Kompyuta Ilivyosema

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2012, saa mbili na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, taarifa ilifika Duniani kwamba gari la utafiti la Curiosity limetua salama kwenye kreta ya Gale, sayari ya Mirihi. Watu walirukaruka na kukumbatiana kwa ajili ya gari. Kisa ninachokichambua hapa kinahusu kitu kilichotupwa njiani: ngao ya joto, sahani ya kipenyo cha mita 4.5 iliyobeba kipigo chote cha hewa kisha ikaachiwa ianguke peke yake. Ndani ya ngao hiyo kulikuwa na nyaya nyembamba za kupima joto. Baadhi yake zilifukiwa milimita 2.54 tu chini ya uso, na kwa mujibu wa kompyuta kuna ambazo zilitakiwa zifikiwe na uso unaolika, ziungue, zinyamaze. Hakuna hata moja iliyonyamaza.

Utasema hiyo si habari njema? Kwa gari, ndiyo. Kwa aliyepiga hesabu ni swali linalomkosesha usingizi: kama safari hii nimekosea kuelekea upande wa usalama, nani ameniahidi kwamba safari ijayo sitakosea kuelekea upande wa pili?

Kitu chenyewe

Ngao ile ilifunikwa kwa vigae 113 vya unene wa milimita 31.75, vya kitu kinachoitwa PICA. Kilibuniwa miaka ya 1990 katika kituo cha Ames cha NASA, California. Curiosity haikupangiwa kukitumia. Awali ilipangiwa kifuniko kile kile kilichokuwa kikitumika Mirihi tangu safari za Viking za mwaka 1976, lakini kwenye majaribio ya mwaka 2007, hewa ya moto ilipopita kwa kasi sambamba na uso wake, kifuniko hicho kilishindwa. Ikabidi kubadilisha ngao nzima muda ukiwa umeshabana.

PICA hutengenezwa hivi. Huchukuliwa nyuzi za rayoni, zile za kitambaa, zikachomwa bila oksijeni hadi zibaki kaboni tupu. Nyuzi hizo, zenye unene wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) kama kumi, hukatwa vipande vifupi, zikakorogwa kwenye maji pamoja na kishikizi kidogo, kisha maji yakavutwa yatoke kwa chini. Kinachobaki ni kitu kama godoro gumu, ambalo karibu asilimia 90 ya ujazo wake ni nafasi tupu. Halafu godoro hilo hunyweshwa resini ya fenoli, ndugu wa ile iliyotengeneza mishikio myeusi ya sufuria na swichi za umeme za zamani. Resini haijazi nafasi zote. Hukaa katikati ya nyuzi kama utando, na hata baada ya hapo zaidi ya asilimia 80 ya kigae ni uwazi. Densiti yake ni takriban gramu 0.27 kwa sentimita ya ujazo. Kipande cha ukubwa wa kasha la kiberiti kingekuwa na uzito wa gramu saba hivi, na ukikitupa majini kingeelea.

Jambo moja hapo ni la kushika, maana litarudi: maji yanapovutwa kwa chini, nyuzi hulala. Kama nyasi zilizopitiwa na mafuriko, hazisimami. Zinalala kwa ubapa, kila moja ikielekea upande wake lakini karibu zote zikiwa zimelala.

Anayejua kuchoma mkaa ameshaelewa nusu ya kinachotokea moto unapokuja. Ndani ya tanuri gogo haliungui. Hupikwa bila hewa ya kutosha: moshi hutoka, maji hutoka, lami hutoka, mkaa hubaki na umbo la gogo lile lile. Resini ya fenoli ndani ya kigae hufanya vivyo hivyo ikipita nyuzi joto mia kadhaa. Hutoa mvuke wa maji, haidrojeni, kaboni monoksaidi na gesi nyinginezo, na hubakiza mkaa wake ukiwa umezishika nyuzi. Gesi hizo hupenya kwenye matundu kuelekea usoni, zikipoza njia zinapopita, kisha zikitoka nje huisukuma hewa ya moto isiguse uso barabara. Uso wenyewe, ambao sasa ni kaboni tupu, huliwa na oksijeni polepole. Ndiyo maana kigae hiki hulinda kwa kujitoa sadaka kidogo kidogo, na swali la mhandisi daima ni lile moja: kidogo kiasi gani?

Namba moja iliyobeba mambo matatu

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo makosa mengi ya modeli huzaliwa.

Fungua jedwali lolote la sifa za PICA utakuta safu imeandikwa upitishaji joto. Namba moja kwa kila kiwango cha joto. Ukiitazama unaweza kudhani ni sifa ya kitu, kama vile uzito ni sifa ya jiwe. Sivyo. Ni hukumu ya jumla juu ya njia tatu ambazo joto linapita kwa wakati mmoja: ndani ya nyuzi na resini, ndani ya gesi iliyojaa matundu, na kwa mnururisho, yaani mwanga wa joto unaoruka kutoka ukuta mmoja wa tundu hadi mwingine bila kugusa chochote.

Njia hizi hazikui kwa mwendo mmoja. Mnururisho hukua kwa kipeo cha tatu cha halijoto. Twende kwa kalamu. Tuseme mwanga wa joto husafiri wastani wa mikromita 100 kabla ya kugonga unyuzi. Mchango wake kwenye upitishaji ni 16 mara kigezo cha Stefan-Boltzmann (namba isiyobadilika ya fizikia ya mnururisho) mara halijoto kwa kipeo cha tatu mara umbali huo, gawanya kwa 3. Kwenye kelvini 300, joto la kawaida la chumbani, unapata wati 0.0008 kwa mita kwa kelvini. Si kitu, unaweza kuisahau. Kwenye kelvini 2,000 unapata wati 0.24, karibu mara mia tatu. Kiasi hicho si kidogo kuliko kile ambacho kigae kizima kinapitisha kikiwa baridi. Kwa hiyo aliyepima kigae chake maabara kwenye joto la chumbani, akachora mstari ulionyooka kwenda juu, amepima mlango na kusahau dirisha, na usiku dirisha ndilo linaloachwa wazi.

Gesi nayo ina vituko vyake. Matundu ni madogo na shinikizo wakati wa kuingia kwenye angahewa ni dogo, hivyo molekuli hugonga nyuzi mara nyingi kuliko zinavyogongana zenyewe. Hapo upitishaji wa gesi hushuka pamoja na shinikizo. Kigae kilichopimwa kwenye shinikizo la hewa ya hapa kwetu si kile kile kikiwa juu kule, ingawa hujakigusa.

Na nyuzi zimelala. Joto linalosafiri sambamba na ubapa lina barabara. Linalotaka kushuka chini kuvuka unene lazima liruke kutoka unyuzi hadi unyuzi kupitia sehemu ndogo zinapogusana. Ndiyo maana kigae hukatwa ubapa ukiwa sambamba na uso wa chombo, ili njia ngumu ndiyo ielekee ndani. Ila modeli ya mstari mmoja, inayotazama kina tu, haioni joto linalokimbia kando. Katikati ya ngao si shida kubwa. Karibu na bega la ngao, yaani ukingoni mwake, au ndani ya kipande kidogo cha majaribio chenye kingo, ni shida.

Piga hesabu nyingine ya haraka, ya muda. Chukua upitishaji wa 0.3, densiti ya kilo 270 kwa mita ya ujazo, na joto mahususi la juli 1,500 kwa kilo kwa kelvini. Namba za mviringo, lakini zinatosha. Joto litachukua takriban sekunde tisa kufika kina cha milimita 2.54. Kuvuka milimita zote 31.75 litachukua dakika 23 hivi. Curiosity iliachia ngao yake kama dakika nne na nusu baada ya kugusa angahewa. Yaani siri nzima ya ngao hii ni kwamba joto linachelewa. Linapobisha hodi nyuma ya kigae, kigae hakipo tena.

Mashahidi saba

Kwa kawaida ngao za Mirihi zilikuwa zinakwenda kufa kimya. Mara hii wahandisi walichomeka plagi saba za PICA, yaani vizibo vidogo, ndani ya vigae, nyingi zikiwa na thamokapo nne (zile nyaya za kupima joto), kwenye kina cha milimita 2.54, 5.08, 11.43 na 17.78. Mfumo mzima, pamoja na matundu ya kupimia shinikizo, uliitwa MEDLI.

Thamokapo ndani ya kitu kama hiki si shahidi asiye na upande. Ni waya wa chuma uliopitishwa kwenye kitu kinachopitisha joto vibaya, na waya huo hupitisha vizuri. Ukiuchomeka wima kutoka nyuma, utakuwa kama mrija: utanyonya joto kutoka kwenye ncha na kusoma pungufu. Dawa yake ni kuulaza waya kwanza kwa umbali fulani sambamba na uso, ambako joto ni sawa kote, kabla ya kuukunja kurudi nyuma. Walifanya hivyo. Nalitaja kwa sababu nimeona watu wakilinganisha modeli na kipimo kana kwamba kipimo ni msahafu.

Programu iliyotabiri kilichotakiwa kutokea inaitwa FIAT, ya Ames hiyo hiyo. Nasaba yake inarudi nyuma hadi programu za mwishoni mwa miaka ya 1960. Hukichukua kigae kama nguzo moja iliyokatwa tabaka nyembamba kutoka usoni hadi nyuma, na kwa kila tabaka huuliza: resini imebaki kiasi gani, imeshakuwa mkaa kiasi gani, gesi gani inapita? Upitishaji joto wa tabaka hupatikana kwa kuchanganya namba mbili za jedwali, ya kigae kibichi na ya kigae kilichokwisha kuwa mkaa, kulingana na kiwango cha kuungua. Usoni kuna dhana moja nzito: kwamba kemia kati ya kaboni na hewa inakamilika papo hapo. Kila chembe ya oksijeni inayofika inakula kaboni yake bila kuchelewa.

Data zilipofika, mambo mawili yalijitokeza, na kila moja lilivuta kamba upande wake.

La kwanza ni lile la waya uliogoma kufa. Katika baadhi ya plagi FIAT ilitabiri kwamba uso ungelika hadi kuifikia thamokapo ya juu. Zote zilibaki hai mpaka mwisho, kwa hiyo uso ulilika chini ya milimita 2.54 popote palipokuwa na plagi. Mshukiwa mkuu ni ile dhana ya kemia ya papo hapo. Hewa ya Mirihi ni kaboni dayoksaidi karibu yote. Ikipigwa na wimbi la mshtuko molekuli zinavunjika, oksijeni inapatikana, ila kuifikia kaboni na kuungana nayo kunataka muda, na kwenye joto la wastani la uso ule muda huo hautoshi. Ukiandika kasi halisi za mmenyuko badala ya kudhani umekamilika, uso unalika pungufu.

La pili lilikwenda kinyume. Kwenye plagi za eneo la mbele, linalopokea hewa uso kwa uso, joto lililofika lilikuwa zaidi ya lililotabiriwa. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye mnururisho wa kaboni dayoksaidi iliyochemka mbele ya ngao, ambayo humulika kwenye infraredi. Kwenye usanifu mchango huo ulikuwa umeachwa nje kwa kuonekana mdogo.

Upande wa nyuma ya mteremko, thamokapo za juu zilionyesha kitu kingine kinachopendeza kutazama: mstari unapanda taratibu, halafu ghafla unakunja na kupanda kwa ukali. Hapo ndipo hewa iliyokuwa inateleza kwa utulivu ilipoanza kuvurugika. Sekunde ile imeandikwa kwenye grafu kama alama ya jino. Hilo lilikuwa limetarajiwa, kwa hiyo sitakaa nalo.

Turudi kwenye kamba. Joto lililoingia lilikuwa limekadiriwa pungufu mahali fulani; kulika kwa uso kulikadiriwa kupita kiasi. Sasa fikiria mtu anayetazama thamokapo moja tu, ya kina cha katikati. Uso unaolika kupita kiasi kwenye modeli unaisogeza thamokapo karibu na moto, hivyo modeli inaipa joto jingi. Joto dogo la kuingia linaipa joto kidogo. Makosa mawili yanaweza kufutana, grafu ikakaa juu ya grafu, na mtu akaandika kwenye ripoti kwamba modeli imethibitishwa. Na kama grafu hazijakaa vizuri, kuna kishawishi cha tatu: kuchukua ile namba ya upitishaji joto, ambayo hakuna aliye na uhakika nayo kwenye kelvini 2,000, na kuisogeza kidogo mpaka zikae. Namba hiyo ni mpole mno. Itakubali kubeba dhambi ya mtu yeyote.

Mwili bila mashahidi

Kuna safari nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hii. Tarehe 15 Januari 2006 kapsuli ya Stardust, yenye kilo 46 na kipenyo cha sentimita 83 hivi, iliingia Duniani na vumbi la nyotamkia kwa kasi ya karibu kilomita 12.9 kwa sekunde, zaidi ya maradufu ya Curiosity ilipoingia Mirihi. Ngao yake ilikuwa PICA pia, ya kipande kimoja. Ilitua jangwani Utah, ikachukuliwa, na wahandisi wakatoboa vipande vya mviringo kutoka kwenye ngao na kupima densiti tabaka kwa tabaka: mkaa juu, eneo la mpito katikati, kigae kibichi chini kabisa. Huko nako uso ulikuwa umelika pungufu ya ilivyotabiriwa.

Ila Stardust haikuwa na thamokapo hata moja kwenye ngao. Ulikuwa na mwili, huna mashahidi. Curiosity ilitoa mashahidi, mwili ukabaki Mirihi. Mtu anayetaka kutenganisha kosa la joto linaloingia na kosa la upitishaji ndani ya kigae alihitaji vyote viwili kutoka ngao moja.

Katika pengo hilo majaribio ya ardhini yalileta kisa kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye matanuri ya umeme yanayopuliza hewa ya moto juu ya vipande vya PICA, thamokapo za kina zilikuwa zinapanda vizuri, kisha kwenye nyuzi joto 40 au 50 hivi za Selsiasi zinasitasita, zinalala kidogo, halafu zinaendelea. Modeli haikuwa na kitu chochote kinachotokea kwenye joto hilo. Resini haijaanza hata kutokwa jasho. Ungeweza kuliita kosa la kipimo na kuendelea na kazi. Maelezo yaliyokuja kushika ni ya kawaida kabisa: unyevu. Kigae chenye matundu kinafyonza maji ya hewani kama chumvi iliyoachwa wazi. Ndani ya chumba chenye shinikizo dogo maji huchemka kwenye joto dogo; mvuke hukimbilia ndani kwenye ubaridi, hugeuka maji tena na kuachia joto lake huko, kisha huchemka upya wimbi la joto linapofika. Ukiongeza maji kwenye milinganyo, nundu inajitokeza kwenye grafu mahali pake. Hakuna namba ya upitishaji iliyoguswa. Hivi ndivyo modeli inavyopaswa kurekebishwa, kwa kuongeza kitu kilichokuwapo kweli na kilikuwa kimesahauliwa.

Kuingia ndani ya godoro

Njia nyingine ni kuacha kubishana na namba na kwenda kuitafuta inakotoka. Kwenye sinkrotroni ya Berkeley, California, mtambo mkubwa unaozalisha eksirei kali, kipande kidogo cha godoro la nyuzi huzungushwa mbele ya eksirei hizo, na picha mamia kwa mamia hugeuzwa kuwa mchemraba wa vokseli, yaani vijichemraba vidogo vya picha ya pande tatu, kila moja ya ukubwa wa mikromita moja hivi au pungufu. Unyuzi mmoja unaonekana kama bomba lenye vokseli kadhaa kwa upana. Programu ya Ames iitwayo PuMA huuchukua mchemraba huo, hutatua mlinganyo wa joto kwenye kila vokseli, na kukupa upitishaji wa kuvuka na wa kulala bila kuuliza jedwali.

Ni kazi nzuri, ila nayo ina mitego yake. Vokseli ni kama tofali: nyuzi mbili zinazopishana kwa nusu mikromita, picha huziunganisha, na joto likapata daraja ambalo halipo. Resini na kaboni huonekana karibu sawa kwa eksirei, hivyo kutenganisha utando na unyuzi ndani ya PICA kamili ni kugombana na rangi za kijivu. Unyuzi wenyewe hupitisha vizuri kwa urefu wake kuliko kwa upana, kwa hiyo kila vokseli lazima ijue unyuzi wake unaelekea wapi. Na upitishaji wa unyuzi mmoja ni nani aliyeupima? Mara nyingi hukokotolewa kurudi nyuma kutoka kipimo cha kigae kizima. Tumerudi kwenye kuku na yai. Hata hivyo nafuu ipo: uwiano wa kuvuka kwa kulala unatokana zaidi na mpangilio wa nyuzi kuliko na namba ya unyuzi mmoja, na mpangilio unaonekana kwa macho. Hapo mtu amebanwa. Akitaka kusogeza upitishaji wa kina ili grafu yake ikae, itabidi asogeze na wa kulala kwa uwiano ule ule, na vipimo vya kando vitamsuta.

Perseverance, gari jingine la utafiti, ilipofika Mirihi mwaka 2021 ilivaa PICA tena, na vipimo vya kizazi cha pili vikiwemo vya upande wa nyuma wa chombo. Ngao ya Curiosity iko pale ilipoangukia ndani ya kreta ya Gale. Kamera ya chini ya gari iliipiga picha ikiwa inadondoka, na baadaye chombo kilicho kwenye mzunguko kikaionyesha kama doa juu ya mchanga. Plagi zake saba bado zimo ndani. Kuhusu uso ulilika kiasi gani juu ya ule waya wa juu kabisa, jibu tulilo nalo ni hilo hilo la mwaka 2012: chini ya milimita 2.54.